Kasri lisomwe kuanzia kwenye msingi

WATAWALA wa zamani hawakujenga makasri ili yasomwe na watoto wa shule. Waliyajenga ili waogopwe na majirani na watukuzwe na raia. Kwa hivyo kila kasri linapogeuzwa kuwa jumba la makumbusho, huzuka swali ambalo walimu na wanafunzi hawana budi kujiuliza kabla ya kupita langoni: je, tunaingia humu kumsujudia aliyejenga, au kuwajua pia wale ambao jengo lilisimama juu ya migongo yao?

Ni mahali pachache duniani ambapo swali hilo hujitokeza waziwazi kama Mehrangarh, ngome ambayo pia ni kasri, iliyo juu ya jabali katikati ya mji wa Jodhpur, jimbo la Rajasthan, magharibi mwa India. Walioijenga ni Warajput wa ukoo wa Rathore, watu wa tabaka la wapiganaji ambao kwa karne nyingi walitawala falme zilizotapakaa katika nchi hiyo kavu. Mnamo mwaka 1459, Rao Jodha, mfalme wa ukoo huo, aliihama Mandore, makao yake ya awali yaliyokuwa kiasi cha kilomita 9 kutoka hapo, akaanza kujenga juu ya jabali hilo. Waliomrithi waliendelea kuongeza kuta, malango na vyumba kwa muda wa karne nne. Jabali limeinuka zaidi ya mita 100 juu ya mji, na mahali pengine kuta zenyewe zina kimo cha mita 36. Anayetazama kutoka chini, miongoni mwa nyumba zilizopakwa rangi ya samawati, hawezi kutambua kwa urahisi lilipokoma jiwe la Mungu na lilipoanzia jiwe la fundi.

Ilikuwaje basi ngome kama hiyo ikawa makumbusho? India ilipojipatia uhuru mwaka 1947, falme za Warajput ziliunganishwa na taifa jipya, na mwaka 1949 Jodhpur ikawa sehemu ya jimbo la Rajasthan. Wafalme walipoteza madaraka, lakini Serikali iliahidi kuwalipa posho ya kila mwaka. Januari 1952, Maharaja Hanwant Singh wa Jodhpur alifariki katika ajali ya ndege, na mwanawe Gaj Singh akatawazwa akiwa na umri wa miaka minne tu. Kijana huyo alirejea kutoka masomoni Uingereza mwaka 1970. Mwaka uliofuata, wakati Indira Gandhi alipokuwa Waziri Mkuu, katiba ilirekebishwa na posho za wafalme pamoja na vyeo vyao zikafutwa. Akabaki na ngome kubwa isiyokuwa na chochote cha kuitunzia. Popo walikuwa wamejifanya wenyeji humo, na husimuliwa kwamba miongoni mwa fedha za mwanzo zilizopatikana ni zile za kuuza kinyesi cha popo hao kwa wakulima wa pilipili.

Mwaka 1972 Gaj Singh aliiweka ngome chini ya wakfu, na wakfu huo ndio unaoendesha makumbusho hadi leo. Wenzake walifuata njia mbalimbali. Huko Jaipur, kasri la mjini lilikuwa limekwisha kufunguliwa kuwa makumbusho tangu 1959. Huko Udaipur, tangu 1969. Katika mji wa Alwar, kasri liliangukia mikononi mwa Serikali, likatiwa ofisi za wilaya na makumbusho chini ya paa moja. Mengi mengine yakawa hoteli. Gaj Singh mwenyewe alishika kotekote, kwani Umaid Bhawan, kasri ambalo babu yake alilijenga kati ya 1929 na 1943 ili kuwapa kazi raia waliokumbwa na ukame, limekuwa hoteli ya wenye uwezo katika sehemu yake moja. Hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo. Mtu aliyepokonywa posho na kuachiwa kuta angeweza kuuza machela, panga na michoro, kimoja baada ya kingine, kwa wafanyabiashara wa London na New York, na leo kusingekuwa na la kuandika.

Na vilivyomo ni vingi. Mgeni huoneshwa viti vya kifalme vya kufungwa juu ya tembo, kimojawapo cha fedha ambacho Maharaja Jaswant Singh alitunukiwa na Shah Jahan, yule mfalme wa Mughal aliyejenga Taj Mahal. Huoneshwa vilemba, mazulia, silaha, susu za watoto wa kifalme, na michoro iliyochorwa kwa brashi nyembamba ajabu. Imo pia maktaba ya miswada iliyoanzishwa na Maharaja Man Singh mapema katika karne ya 19, ambayo kwa maoni yangu ina thamani kuliko dhahabu yote iliyomo mle, ingawa watalii hawapigi picha miswada.

Kuna chumba kiitwacho Moti Mahal, yaani Kasri la Lulu, alichojengewa Sur Singh aliyetawala tangu 1595 hadi 1619. Kuta zake zilipakwa chokaa iliyochanganywa na makombe ya baharini yaliyosagwa, ndiyo maana zinang'aa. Hebu fikiri: makombe ya bahari katika nchi ya jangwa! Hapo ndipo mfalme alipokuwa akiketi kuamua mashauri. Ukutani mna vishubaka vitano vinavyoelekea kwenye roshani zilizofichika, na inaaminika kwamba wake watano wa mfalme walikaa humo wakisikiliza yaliyozungumzwa bila kuonekana na mwanamume yeyote. Mwanafunzi akiambiwa hayo hucheka na kwenda zake. Mwalimu mwenye busara angemsimamisha hapo hapo na kumuuliza ni nchi gani hiyo ambayo malkia anaruhusiwa kuwa na masikio lakini haruhusiwi kuwa na uso.

Tushuke sasa hadi msingini, maana huko ndiko hadithi ya Mehrangarh inakoanzia. Masimulizi ya Jodhpur yanaeleza kwamba juu ya jabali hilo aliishi mtawa mmoja aliyeitwa Cheeria Nathji. Rao Jodha alipomfukuza ili ajenge, mtawa alilaani kwamba ngome hiyo isiishiwe na shida ya maji. Mfalme alimtuliza kwa kumjengea maskani na hekalu, lakini washauri wakasema hilo halikutosha. Lazima mtu afukiwe akiwa hai katika msingi ili mkosi uondoke. Aliyefukiwa ni Rajiya Bhambi, ambaye siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Rajaram Meghwal. Alikuwa mtu wa jamii iliyohesabiwa kuwa ya chini kabisa katika mpango wa matabaka ya Kihindu. Inasemekana alijitolea kwa hiari yake, naye mfalme akaahidi kwamba jamaa zake watatunzwa na ukoo wa Rathore milele. Walipewa shamba, na jiwe la kumkumbuka limo ngomeni.

Nakiri kwamba neno "hiari" linanikwama kooni. Hiari ya mtu ambaye kivuli chake tu kilihesabiwa kuwa najisi, anapoombwa na mfalme mwenye majeshi, ni hiari ya namna gani? Hata hivyo, ni afadhali jiwe hilo liwepo kuliko lisiwepo. Makasri mengi ulimwenguni yana watu kama Rajiya chini yake na hayana hata herufi moja ya majina yao. Mehrangarh imemtaja wake. Kazi ya kuuliza alitajwaje, na ni nani aliyetunga maneno hayo, imeachiwa mgeni.

Baada ya msingi, lango. Anayepanda kuelekea kwenye kasri hupita malango kadhaa. Fateh Pol lilijengwa kuadhimisha siku ambazo majeshi ya Mughal yalifukuzwa Jodhpur mwaka 1707. Jai Pol lilijengwa na Man Singh mwaka 1806 baada ya kuwashinda maadui wa Jaipur na Bikaner. Haya ni malango ya kujisifu na tunaweza kuyapita upesi. Lango la kutusimamisha ni lile liitwalo Loha Pol, yaani Lango la Chuma. Kando yake ukutani kuna alama za viganja vya mikono, vidogo, vimepangwa safu kwa safu. Ni viganja vya wake za Maharaja Man Singh. Alipofariki mwaka 1843, wajane wake walitoka nje kwa lango hilo, wakaenda kuchomwa moto pamoja na maiti ya mume wao kwa mujibu wa desturi ya sati. Waingereza walikuwa wameipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1829 katika maeneo waliyoyatawala wenyewe, lakini falme kama Jodhpur zilikuwa na sheria zake.

Viganja hivyo havikuachwa vikavu. Hupakwa rangi nyekundu na kubandikwa karatasi za fedha, kama vitu vya kuabudiwa. Hapa ndipo makumbusho yanapokutana na mtihani wake mkubwa, maana si habari ya kale tu. Mwaka 1987, katika kijiji cha Deorala katika jimbo hilo hilo la Rajasthan, mjane wa umri wa miaka 18 aliteketea juu ya tanuri la maiti ya mumewe huku umati ukitazama, na maelfu wakaja baadaye kumtukuza. Mwaka huo huo Bunge la India lilipitisha sheria kali inayokataza si kitendo chenyewe tu bali hata kukisifu. Sasa, viganja vya Loha Pol ni ushahidi wa dhuluma au ni madhabahu? Ukuta ni mmoja, viganja ni vile vile, na kinachoamua ni maneno ambayo mwelekezi wa wageni atayatamka katika dakika mbili anazosimama hapo. Akisema "waliwapenda waume zao," amefundisha jambo moja. Akisema "mjane hakuwa na maisha ya kurudia," amefundisha jingine kabisa.

Turudi kwenye machela. Mojawapo ya machela yanayosifiwa sana katika makumbusho hayo ni ile iitwayo Mahadol, iliyopambwa kwa dhahabu, ambayo Maharaja Abhay Singh aliiteka kutoka kwa gavana wa Gujarat katika vita vya mwaka 1730. Abhay Singh huyo ndiye aliyejenga Phool Mahal, Kasri la Maua, chumba cha starehe kilichotapakaa dhahabu kutoka darini hadi kwenye nguzo. Mwanafunzi akikariri mwaka 1730 kwa sababu ya machela, amekariri mwaka sahihi kwa sababu pungufu. Mwaka huo huo, katika kijiji cha Khejarli kilicho kiasi cha kilomita 26 kutoka Jodhpur, lilitokea jambo ambalo halibebeki kwa machela.

Maharaja alihitaji chokaa kwa ajili ya jengo jipya, na chokaa huchomwa kwa kuni nyingi. Watu wake walitumwa Khejarli kukata miti ya khejri, mti wa jangwani unaovumilia ukame, ambao majani yake hulisha mifugo na maganda yake huliwa na binadamu. Wenyeji wa kijiji walikuwa Wabishnoi, wafuasi wa dini iliyoasisiwa mwaka 1485 yenye amri 29, na miongoni mwa amri hizo ni kutokata mti mbichi na kutoua mnyama. Mwanamke aliyeitwa Amrita Devi aliukumbatia mti akasema hautakatwa kabla yake. Alikatwa kichwa. Binti zake watatu walifuata. Habari zikaenea vijiji vya jirani, na Wabishnoi wakaja mmoja mmoja, kila mtu akikumbatia mti wake. Wabishnoi wenyewe huhesabu waliouawa kuwa 363. Hatimaye Maharaja alisimamisha ukataji na kutoa amri kwamba miti isikatwe wala wanyama wasiwindwe katika vijiji vya Wabishnoi.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya mwanamke kusimama mbele ya mti unaotakiwa na wakubwa. Alikwisha kuyaona hayo katika msitu wa Karura mwaka 1999, Profesa Wangari Maathai alipopigwa na kumwagika damu. Katika miaka ya 1970, wanakijiji wa milima ya kaskazini mwa India walipokumbatia miti yao ili isikatwe, katika harakati iliyoitwa Chipko, kumbukumbu ya Khejarli ilitajwa tena na tena. Hivyo basi historia ya chokaa ya kasri moja imefika mbali kuliko historia ya kasri lenyewe.

Kwa haki, wakfu wa Mehrangarh nao umefanya jambo la kusifika kuhusu miti. Tangu mwaka 2006 eneo la mawe la kiasi cha hekta 70 chini ya ngome limekuwa likirudishiwa mimea yake ya asili. Lililokuwa limelivamia ni pori la mti wa miiba ulioletwa Jodhpur kutoka mabara ya Amerika katika miaka ya 1930. Watu wa Baringo, Garissa na Turkana wanaujua mti huo. Wanauita mathenge, na hawautaji kwa upole. Kule Jodhpur ulishindikana kwa shoka kwa sababu mizizi yake imejishindilia ndani ya mwamba. Ikabidi waitwe wachimba mawe wa jadi wa hapo, ambao hugonga jabali kwa nyundo na kujua kwa sauti yake mahali palipo laini, wakaifuata mizizi kwa patasi hadi ikang'oka. Maarifa ya watu hao hayakuandikwa katika mswada wowote wa mfalme.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa upande huu wa bahari. Makasri ya Rajasthan yamejaa vitu vya pembe za ndovu: visanduku, vipini, milango iliyotiwa nakshi. Kusini-mashariki ya Jodhpur, kiasi cha kilomita 70, upo mji wa Pali, ambao hadi karne ya 19 ulikuwa soko kubwa la misafara. Pembe kutoka Afrika Mashariki zilivushwa kwa majahazi hadi bandari za Kutch, kama Mandvi, kisha zikapakiwa juu ya ngamia hadi Pali, ambako mafundi walizikata bangili. Bibi arusi wa nchi hiyo alivaa bangili hizo kuanzia kifundo cha mkono hadi juu ya kiwiko. Sidai kwamba kila pembe iliyomo Mehrangarh ilitoka kwetu. Nasema kwamba kila pembe iliyofika pwani yetu ilibebwa na mtu begani kutoka bara, na mara nyingi mtu huyo hakuwa na hiari zaidi ya Rajiya Bhambi. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi ili ulimwengu uelewe. Mwanafunzi aliyefundishwa juu ya moto huo anastahili pia kufundishwa juu ya bangili.

Wapo watakaosema kwamba namtaka mwenye nyumba ajitukane mbele ya wageni. Ni kweli kwamba wakfu wa Mehrangarh unaongozwa na mrithi wa hao hao waliojenga, na si jambo jepesi kwa mtu kuandika kwenye kibao kwamba babu yake alimfukia binadamu mwenzake. Lakini sidhani kwamba Serikali ingefanya vizuri zaidi kwa kuwa ni Serikali tu. Serikali nazo zina mababu zao. Kinachohitajika ni mgeni mwenye maswali, na mgeni wa namna hiyo hatengenezwi na makumbusho bali na darasa.

Hapa ndipo tunapokuwa na kesi ya kujibu. Shule zetu hupeleka wanafunzi Fort Jesus kila mwaka, mabasi yakiwa yamejaa hadi mlangoni. Wanafunzi hunakili kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba Waomani waliiteka mwaka 1698, kisha hukimbilia mizinga ili wapigwe picha. Wangapi huambiwa kwamba tangu 1895 hadi 1958 jengo hilo lilikuwa jela ya Waingereza, na kwamba babu wa mmoja wao huenda alilala mle? Wangapi huulizwa ni nani aliyechonga na kubeba mawe yale ya matumbawe? Mtihani hauulizi, kwa hivyo mwalimu haulizi, na mwanafunzi hurudi nyumbani akiwa na tarehe tano na kofia mpya.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Mwalimu wa historia achukue nusu ya kipindi kabla ya safari, awape wanafunzi kazi moja: kila mmoja arudi na jina, au alama, ya mtu mmoja asiyekuwa mtawala ambaye jengo lile lisingesimama bila yeye. Wasipolipata jina, waandike walilitafuta wapi na ni kibao gani kilichonyamaza. Asiyeweza kusafiri afanye zoezi hilo kwa Mehrangarh, kwa kitabu na ramani tu. Ataipata machela ya mwaka 1730 kwa urahisi, maana imepigwa picha na kila mgeni. Ili aipate Khejarli, itambidi atoke nje ya ngome, aifuate barabara ya kusini-mashariki kwa muda usiofika saa moja, hadi kwenye miti iliyozunguka ukumbusho wa wale 363.